Wimbo wa Kufunika Kilio

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi katika korido ya ofisi moja ya mjini, nikisubiri kuitwa kuhusu kazi ya ualimu. Nilikuwa nimefika mapema mno kwa sababu niliogopa kuchelewa, kisha nikaanza kuogopa kwamba kufika mapema mno kungeonekana kama shida. Bahasha ya diploma yangu nilikuwa nimeifungua mara tano kuangalia kama jina lililoandikwa mle bado ni langu. Sakafu ilikuwa imepigwa nta asubuhi hiyo hiyo. Harufu ikapanda, nzito na tamu kidogo, kama mzinga wa nyuki uliofungiwa kabatini, na mimi nikaacha kuwa mtu mwenye diploma. Nilikuwa na miaka saba, nimelala kifudifudi juu ya sakafu ya Wazungu, nateleza, na mbele yangu wanaume wengi walikuwa wanaimba.

Kwetu ni Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, ambako jua hufika chini vipande vipande. Wale wa rika langu waliokulia kule watakumbuka kwamba mtoto wa siku zile hakuambiwa kitu. Alisikia upande mmoja wa maneno, kutoka nyuma ya jiko, na upande wa pili akautunga mwenyewe. Mimi nilikuwa fundi wa kuutunga upande huo wa pili.

Papa alikuwa seremala, aliyefundishwa kazi na misioni, mtu wa kupima ubao mara tatu kabla ya kuukata. Babu, baba yake, alikuwa mwindaji. Walipendana, lakini mwaka ule walikuwa na neno moja lililokataa kumezwa. Kaka yangu Evaristi alikuwa amefika umri wa tohara, na kambi ya vijana ilikuwa inakaribia kufunguliwa msituni. Alasiri moja niliwasikia uani, Papa akipiga randa, Babu akichonga mpini wa mkuki.

"Mutoto mwanaume anatahiriwa pamoja na benzake," Babu alisema. "Akikatwa peke yake, hiyo si tohara. Iko kidonda tu."

"Papa, mi niko mukristu," baba yangu alimjibu.

"Na mi nilikukataza kusali?"

Randa ilikwenda na kurudi mara kadhaa. Kisha Papa akasema bila kuinua kichwa, "Wakati wa vakansi nitamupeleka kule juu, Mweso. Kule iko bantu banajua hii kazi muzuri."

"Na nani atamuimbia huko?"

Nilisikia randa tu.

Mambo ya kambi mimi sikupaswa kuyajua, kwa kuwa ni mtoto wa kike, na machache niliyoyajua niliyapata kwa kusikiliza pasipo ruhusa. Nilijua vijana hupakwa udongo mweupe mwili mzima. Nilijua hawasemi na mwanamke yeyote, hata mama yao, na kwamba msichana akiiona kambi kwa macho yake, vidonda vya vijana havitapona. Na Evaristi mwenyewe, akijifanya mkubwa, alikuwa ameniambia siri moja: kisu kinapofanya kazi, wanaume wote huimba kwa sauti moja, ili kilio cha mtoto kisimfikie mama yake.

Lakini jambo nililolijua kuliko yote nililiona mwenyewe. Kambi iliyotangulia ilipofungwa, jirani yetu mmoja alisimama njiani na wamama wengine, ameshika kitambaa kipya cha kumvika mwanawe. Vijana wakatoka kwa mstari, wakicheza. Mstari ukapita, ukaisha. Habari za kambi hazitoki nje kabla ya siku, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mwanawe hakupona. Alirudi nyumbani na kile kitambaa mkononi, bado kimekunjwa vizuri.

Kwa hiyo shule zilipofungwa kwa vakansi na nikaambiwa kwamba sote tunapanda kwenda Mweso kwa dada yake Mama, nilifurahi hadi nikashindwa kula, na niliogopa hadi nikashindwa kula, na Mama akanipa dawa ya minyoo.

Nikiri kwamba furaha ilishinda. Tulitembea siku mbili, kisha tukapanda lori, na lori likapanda milima. Sikuwahi kuona nchi isiyo na kifuniko. Kwetu mtu akitaka kuona mbali humwangalia mtu mwingine anayerudi kutoka mbali. Huku milima yote ilikuwa imekaa wazi kama wageni sebuleni, na mashamba yamepandishwa hadi shingoni mwao. Baridi ilinishangaza kuliko yote. Nilipumua na moshi ukanitoka mdomoni. Nikamwita Evaristi aone, tukapumuliana moshi usoni hadi Mama akatutenganisha.

Mama mukubwa, dada wa Mama, alikuwa mwanamke wa kilimani, mnene, mwenye kicheko kilichotangulia kila neno lake. Mama alimletea chupa ya mawese na uyoga mkavu wa msituni, naye alitulisha viazi na maziwa mpaka tukasinzia mezani. Binti yake Sifa alinizidi miaka miwili na alijua kila kitu. Siku ya nne, Mama mukubwa alitangaza kwamba kesho yake sote tungepanda mlimani kutembelea monasteri.

"Monasteri ni nini?" nilimuuliza Sifa tulipokuwa tunamenya viazi.

"Ni kwa Bafrere Bazungu. Iko bawanaume tupu kule."

"Wake zao wako wapi?"

"Habana. Mwanamuke haingie. Hata weye."

Kisu changu kikasimama juu ya kiazi. "Wanavaa nini?"

"Nyeupe. Toka kichwa mpaka chini."

"Na wanasema nini?"

"Habasemi! Njo kazi yabo, kunyamaza. Banaonyeshana na mikono tu, hivi." Akazungusha vidole hewani, akacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni binti wa seremala. Alikuwa amenipa mbao nne, na nyumba tayari ilikuwa imesimama kichwani mwangu. Wanaume peke yao, mlimani, weupe toka kichwa mpaka miguu, wasiosema, ambao mwanamke haruhusiwi kuwaona. Kumbe hata Wazungu walikuwa na kambi yao. Ndio wale watu wa kule juu wanaoijua kazi muzuri. Papa alikuwa anampeleka Evaristi kwao, na safari hiyo aliiita vakansi ili Mama asilie njiani.

Asubuhi kila kitu kilinithibitishia. Evaristi aliogeshwa mpaka nyuma ya masikio na kuvikwa shati jipya. Papa alibeba kuku mkubwa aliyefungwa miguu, kwa kuwa mtu haendi kwa wageni mikono mitupu. Lakini mimi nilijua kwamba hata fundi wa kisu hupelekewa kuku. Mama alikuwa anaimba akijifunga kilemba. Niliuona huo kuwa ushujaa mkubwa kabisa.

Tulipanda lori la viazi, sisi juu ya magunia, upepo ukitupiga. Na hapa lazima niseme ukweli, ingawa unanitia aibu mpaka leo. Nilikuwa nampeleka kaka yangu kwenye kisu, na bado sijawahi kuwa na asubuhi nzuri kama ile. Tulipita ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mikono ya Papa. Tulipita misitu ya mikaratusi iliyonuka kama dawa ya kifua. Kwenye kona moja, ghafla, ziwa likatokea chini yetu, la buluu, limelala kati ya vilima kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe, na watu wote juu ya magunia wakapiga kelele kwa pamoja, hata mzee mmoja aliyepita pale kila wiki.

Nilikuwa na yai langu la kuchemsha, zawadi ya Mama mukubwa. Nikampa Evaristi.

"Juu ya nini?" akauliza sababu, akilitazama kwa mashaka.

"Ya kukutia nguvu."

"Weye leo iko mugonjwa?" Lakini alikuwa amelimenya tayari, akalitia mdomoni lote.

Lori lilituacha mahali njia ya mlima inapoanza. Tulipanda kwa miguu. Nilipoona kwa mbali paa la bati na msalaba juu yake, nilifanya uamuzi niliokuwa nimeufikiria usiku kucha: nikafumba macho. Nisingeiona kambi, na kidonda cha Evaristi kingepona. Nikashika kikwembe cha Sifa kwa nyuma na kumfuata. Nilijikwaa kwenye jiwe, nikajikwaa kwenye mzizi, nikakanyaga kinyesi cha ng'ombe.

"Mama, angalia huyu! Anatembea kama kipofu!"

"Mwache," Mama alisema, "anasali."

Mlangoni tulipokewa na sauti ya mwanaume kijana, sauti ya kilimani kama ya watu wa Mama. Hilo lilinichanganya. Si hawasemi? Lakini nikakumbuka kwamba hata kambi yetu huwa na mtu mmoja anayeruhusiwa kusema, yule anayechukua chakula kutoka kijijini. Basi huyu ndiye. Nikafungua jicho moja, kidogo tu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kitambaa cheusi kirefu juu yake, na alikuwa anapokea kuku kwa mikono miwili, kwa furaha ya kweli.

"Karibu, wamama," alisema. "Nyinyi mutabakia hapa katika salo ya bageni. Kanisa kubwa iko bado tunajenga. Ile kidogo iko ndani, kwa upande ya wanaume. Papa na kijana banaweza kufika kuona."

"Utaona paa," Papa akamwambia Evaristi, na macho yake yaling'aa. "Banasema hakuna hata musumari moja."

Wakapita mlango wa ndani. Evaristi aligeuka, akanitolea ulimi, kisha mlango ukafungwa.

Tulikaa. Kulikuwa na meza, viti, na dirisha lililotazama shamba la kabichi. Mama mukubwa alivua viatu na kusugua vidole. Mama alifungua kifurushi cha karanga, akaanza kula, moja moja, kwa utulivu. Nilimtazama. Nilitaka kumuuliza kama kwenye ule mkoba alikuwa amebeba kitambaa kipya, na nilijua kwamba akisema ndiyo nitakufa, na akisema hapana nitakufa pia.

Kengele ikalia. Ilipigwa mara nyingi, halafu kimya. Halafu ule wimbo.

Wale mliokwisha kuusikia wimbo wa namna hiyo mnajua kwamba hauna ngoma, hauna makofi, wala sauti ya mwanamke ya kuupamba. Wanaume tupu, sauti moja, ikipanda kidogo, ikishuka kidogo, ikirudi mahali pale pale. Ulipita ukutani na kujaa ndani ya salo. Mama akaacha kutafuna ili asikilize. "Tamu," alisema.

Tamu! Mimi nilikuwa najua wanaume huimba kwa nini.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kitasa, kilichokuwa baridi, na mlango mzito, na sauti ya Mama mukubwa nyuma yangu ikiita, "Hee! Hee, mutoto!" Nikaingia kwenye korido ndefu, nikakimbia kuelekea kwenye wimbo. Na kwetu sakafu ni udongo. Ukikimbia juu yake inakushika, inakusaidia. Ile haikunishika. Miguu yangu ilinitangulia, nikaanguka kifudifudi, na hata hapo safari haikuisha. Niliteleza korido nzima kwa tumbo, gauni langu la misa likifuta njia, pua yangu imejaa harufu ya nta, hadi nikasimama mbele ya magoti mawili.

Yalikuwa magoti ya Frere mzee, mtawa wa Kizungu mwenye ndevu za mvi, aliyekuwa amepiga magoti na kipande cha blanketi mkononi akiipaka sakafu nta. Tulitazamana kwa karibu sana. Hata katika hofu yangu nilipata nafasi ya kumhurumia. Mzee namna hii, na bado hajatoka kambini.

"Pole, mutoto," alisema.

Kisha akajifunika mdomo kwa mkono, kama mtoto aliyetoboa siri. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti ya kutosha watu wawili. Nikamwambia, "Evaristi! Evaristi!" Yeye akaniinua, akanikung'uta gauni, akaenda kwenye mlango wa mwisho wa korido na kuufungua kwa upana wa kiganja, nikachungulia.

Walikuwa wamesimama kwa safu mbili, wakitazamana, weupe, wakiimba. Hakuna aliyegeuka. Nyuma kabisa, kwenye benchi, walikaa Papa na Evaristi. Vichwa vyote viwili vilikuwa vimelazwa nyuma, midomo yote miwili wazi, na wote wawili walikuwa wanatazama paa. Evaristi alikuwa anabembeza miguu. Alikuwa mzima, na shati lake jipya lilikuwa jeupe kote.

Mama alinifuata, lakini hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti cha korido kama mtu aliyefika kwenye mto uliojaa, akaninong'oneza kwa hasira, "Toka huko! Unatupatisha haya mbele ya bantu!"

Baadaye tulikaa nje juu ya majani. Frere kijana alituletea mkate na kipande cha furomaji, jibini ya kwao, ambayo Sifa alikataa kuila kwa kuwa ilinuka miguu, na Mama mukubwa akala ya kwake na ya Sifa. Hapo ndipo Mama aliponigeukia.

"Sasa sema. Ulikuwa unatafuta nini kule?"

"Mi nilizani banamukata Evaristi."

Kisha kicheko cha Mama mukubwa kikaanguka juu yangu kama mvua ya mawe. Sifa alijiviringisha kwenye majani. Hata Papa, mtu wa kupima mara tatu, alilazimika kugeuka pembeni. "Bafrere banamukata!" Mama mukubwa alirudia, akifuta macho. "Na kisu ya furomaji!"

Evaristi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika mkate wake bila kuuma, na rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika.

"Papa," alisema polepole, "sasa kwa hospitali ni lini?"

Kicheko kikapungua, kikaisha. Papa akaweka mkono begani mwake. "Juma ijayo. Infirmye iko muntu muzuri. Ni kitu ya dakika kidogo."

Kwa hiyo sikuwa nimekosea jambo lenyewe. Nilikuwa nimekosea nyumba tu.

Wakati wa kushuka mlima Evaristi alibaki nyuma, nami nikabaki naye. Hakunitania hata mara moja, na hilo liliniogopesha kuliko kisu. Tulipofika mahali ziwa linapoonekana tena, akasimama.

"Benzangu kule nyumbani bataimbiwa," alisema. "Miye, kule hospitali, nani ataniimbia? Kama nikilia, Mama atasikia. Kila muntu atasikia."

Mimi nilikuwa na ule wimbo. Ulikuwa umenishika kama nta, bila neno hata moja, ukipanda kidogo, ukishuka kidogo, ukirudi. Nikaanza kuujaribu kwa pua, kwa siri, juu ya magunia ya viazi, njia nzima mpaka Mweso. Nilijua kwamba msichana haimbi wimbo wa tohara. Nilijua pia kwamba huu haukuwa wimbo wa tohara. Nilizungusha mambo hayo mawili kichwani siku saba, na hata sasa sijui ni lipi lililoshinda.

Siku yenyewe, Papa aliingia hospitali na Evaristi. Mama alibaki nyumbani kwa Mama mukubwa, maana hata kama ni hospitali, mama hakai karibu. Mimi niliwafuata kwa nyuma, nikazunguka jengo, nikahesabu madirisha hadi nikasikia sauti ya Papa ndani. Chini ya lile dirisha nilijisimamisha. Uani palikuwa na ndugu za wagonjwa wakipika, na moshi wa mafiga. Nikasikia infirmye, yule muuguzi, akisema, "Lala vizuri, kijana. Angalia juu."

Nikaimba.

Niliimba kwa nguvu zote za kifua cha miaka saba. Sijui kama kilikuwa kitu cha kusikilizwa. Wapishi wakageuka.

"Hii mutoto anasoma misa ya nani?" mwanaume mmoja akauliza.

"Mwache, pengine mama yake iko ndani," akajibu mwanamke aliyekuwa anasonga bugali. Na kila niliponyamaza ili kuvuta pumzi, yule mwanamke, bila kuacha kusonga, alijaza nafasi kwa "Amina" ndefu, ya sauti nene. Nilivuta pumzi mara nyingi. Hakuna kilio cha mtu yeyote ambacho kingeweza kupita kati yangu na yeye.

Evaristi alitoka amefungwa kikwembe cha Mama kiunoni, akikishika mbali na mwili kwa mikono miwili, akitembea kama bata. Alinikuta nimekaa chini ya ukuta, koo limekauka.

"Ulilia?" nilimuuliza.

"Hapana." Akatembea hatua mbili zaidi. "Unaimba vibaya sana." Kisha, akitazama kwingine: "Lakini nilikuwa nafuata sauti yako tu. Ile kitu ingine sikuifuata."

Alipopona tulirudi Itebero. Wiki chache baadaye kambi ya msituni ikafungwa, na vijana wakatoka kwa mstari wakicheza, na safari hii mstari ulikuwa kamili. Wamama wote walivika vitambaa vyao. Evaristi alisimama pembeni na mimi. Wenzake walipompita walimwita mtoto wa pamba ya hospitali, mtoto wa alkoli, na mmoja akajifanya anadunga sindano. Alivumilia. Mimi nilitafuta jiwe, lakini yeye akanishika mkono.

Jioni Babu aliwaita wanaume wa ukoo kula. Akamwita na Evaristi pia, kitu ambacho Papa hakukitegemea. Sisi wa kike tulikuwa tunapeleka vyakula. Babu alikuwa na bakuli la kuku mbele yake, hajalifungua bado.

"Weye," alimwambia Evaristi mbele ya wote, "ulitahiriwa mbali, kwa bantu bengine. Nani alikuimbia?"

Nilikuwa nimeshika sahani ya ndizi. Nilimwona Papa akitazama chini. Jibu jepesi lilikuwepo. Evaristi angeweza kusema Papa, na mambo yangeisha. Nilimwomba kwa macho aseme Papa.

"Dada yangu," Evaristi alisema.

Mwanaume mmoja alikohoa. Kwa desturi yetu jambo hilo halina mahali pa kuwekwa. Halimo kwenye mazuri wala mabaya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifanya. Babu alinitazama kwa muda mrefu sana, na mimi nilikuwa tayari nimefikiri adhabu sita. Kisha akafungua bakuli, akatafuta kwa vidole katikati ya nyama, akatoa firigisi.

Nyinyi wa kwetu mnajua. Firigisi haliwi na mwanamke. Mama hajawahi kulionja mpaka leo. Ni la mzee, au la mwanaume mgeni, na mtoto wa kike hata kulitazama huambiwa anakosa adabu.

"Mwenye kuimba anakula," Babu alisema, akaniwekea mkononi.

Nililitia mdomoni pale pale, mbele ya wote, kabla mtu hajabadili nia. Lilikuwa gumu, lenye chumvi, la moto. Nilitafuna mpaka taya likauma, na sikutaka kulimeza, kwa kuwa niliogopa kwamba likiisha, kesho watu wataniambia sikulila.

Mlango wa ile ofisi ulipofunguka na jina langu likaitwa, nilisimama na bahasha yangu, nikavuka ile sakafu ya nta kwa hatua fupi fupi, na nilikuwa bado natafuna.